Kipepeo wa Fender na moto unaomwokoa

BONDE la mto Willamette katika jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani, ndilo makao ya pekee ya kipepeo mdogo aitwaye Fender. Mabawa yake yakikunjuliwa, upana wake ni takribani sentimita 2.5. Dume ni wa samawati yenye ukingo mweusi, ilhali jike ni wa hudhurungi.

Wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1931. Baada ya 1937 hakuonekana tena, ikaaminika kuwa ametoweka, hadi alipopatikana upya mwaka wa 1989.

Maisha yake hutegemea mmea wa jamii ya kunde uitwao lupini, hasa aina ya lupini ya Kincaid, ambayo nayo ni adimu. Jike hutaga mayai, moja moja, upande wa chini wa majani. Viwavi hula majani hayo hadi mmea unapokauka wakati wa kiangazi, kisha hujificha chini kwenye shina na kulala humo hadi majira ya baridi yanapokaribia kwisha. Huamka, hula tena, na kuanzia mwezi Mei hutoka vipepeo ambao huishi kwa muda wa majuma mawili hivi.

Aidha, viwavi hutoa majimaji matamu yanayowavutia sisimizi, ambao nao huweza kuwakinga dhidi ya maadui.

Tangu zamani, Wakalapuya, wenyeji asilia wa bonde hilo, walikuwa wakichoma nyasi ili kuzuia vichaka na miti kuenea. Walowezi walipokuja, desturi hiyo ilikoma na mbuga zikageuzwa mashamba na miji. Leo haijasalia hata asilimia moja ya mbuga za awali.

Mwaka wa 2000, serikali ya Marekani ilimtangaza kipepeo huyo kuwa katika hatari ya kuangamia. Tangu hapo, wahifadhi na wenye mashamba wamepanda lupini, kukata vichaka na kurejesha moto. Hata hivyo, moto huo huo huua viwavi. Kwa hivyo, huchomwa sehemu tu ya mbuga, ili vipepeo waliosalia kando waje kutaga kwenye lupini zinazochipuka.

Kufikia 2018, vipepeo hao walikadiriwa kuwa zaidi ya 13,000, na mwaka wa 2023 hadhi yao ilipunguzwa kutoka walio hatarini kuangamia hadi wanaotishiwa. Lakini mbuga zikiachwa bila kutunzwa, vichaka vitarudi, lupini itasongwa, na kipepeo naye atakosa pa kutaga.