Joto na Baridi katika Mabasi ya Kuishi Marekani
Mwaka 1971 wafuasi wa kiongozi wa mahipi Stephen Gaskin, waliotoka San Francisco kwa msafara wa mabasi ya shule yaliyochakaa, walipiga kambi Tennessee wakaendelea kuishi ndani ya mabasi hayo. Basi la chuma hupitisha joto na baridi upesi, na hita yake ya asili hufanya kazi injini ikiwaka tu. Ndiyo maana jiko la kuni lenye bomba la moshi lilipendwa. Hita za gesi zisizo na bomba zilijaza unyevu ndani ya basi na, hatari kubwa zaidi, zingeweza kutoa kaboni monoksaidi inayoua usingizini. Viyoyozi vya paani vilidai jenereta au umeme wa kambini. Sola na betri za lithiamu zimepunguza utegemezi huo. Hata hivyo, ukuta usiozuia joto hukilemea kiyoyozi.