Maradhi ya Parkinson na Aibu Isiyo na Kosa

Mji wa Kale mtu asipoonekana barazani siku tatu, huulizwa. Lakini wako wazee wetu walioacha kutoka kwa miezi, wakaacha walima na sala ya jamaa, na tukaridhika kuambiwa kuwa "ni uzee tu." Wengine kati yao wana maradhi ya Parkinson, na kinachowafungia ndani ni aibu. Nayaandika haya kama mtu aliyemuuguza ami yake kwa maradhi hayo.

Ni maradhi gani?

Ni maradhi ya ubongo. Chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo. Daktari wa London, James Parkinson, aliyaeleza mwaka 1817, na jina likabaki lake. Dalili kubwa ni mkono au mguu kutetemeka ukiwa umepumzika, viungo kukakamaa, mwendo kuwa mzito, na baadaye mtu kupepesuka. Aghalabu huanza upande mmoja wa mwili. Wengi hushikwa baada ya miaka 60, ingawa vijana nao hupata. Hayaambukizi.

Dalili zinazotahayarisha

Kutetemeka watu wanakujua. Yako mengine ambayo hudhaniwa tabia mbaya. Misuli ya uso hukakamaa, mtu akaonekana amenuna hata akifurahi. Kwetu, ambapo salamu huenda na bashasha, huitwa mwenye kibri. Sauti hupungua, ikadhaniwa kuwa hajajibu. Hupepesuka, na wapita njia wakanong'ona kuwa amelewa, neno zito kwa mtu wa msikitini. Mate humtoka yakarowesha kanzu. Mwandiko huwa mdogo.

Pia miguu huweza kuganda ghafla, hasa mlangoni na penye njia nyembamba. Vichochoro vya Kibokoni na Kuze ni mtihani kwa mtu huyu: husimama kama aliyegundishwa chini, na nyuma yake pikipiki yapiga honi.

Ami alianza kwa kukataa kahawa. Kile kikombe kidogo kisicho na mkono kilimwagika mara mbili mbele ya wenzake, na mmoja akacheka. Kisha akakataa kula sinia moja na watu. Mwisho akawa haendi harusini kabisa. Alichonambia ni hiki: "Mkono wautazama wao, mimi hawanioni."

Kuficha kuna gharama

Wasiwasi huzidisha kutetemeka. Basi kadiri mtu anavyojitahidi kuuficha mkono, ndivyo unavyomsaliti. Anayejifungia hukosa pia mazoezi ya kutembea, na huzuni, ambayo yenyewe huweza kuletwa na maradhi haya, humzidi. Zaidi ya yote, huchelewa kupata dawa. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari wana maradhi gani.

Tiba ya kuyaondoa haijapatikana, lakini levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, hupunguza dalili kwa wengi. Humezwa kwa saa maalumu, na nyama nyingi au samaki huweza kupunguza nguvu yake, kwa hivyo wengi huambiwa waimeze kabla ya kula. Isikatwe ghafla. Anayetaka kufunga Ramadhani na azungumze kwanza na daktari wake.

Haya na aibu

Haya ni pambo: humzuia mtu kutenda lisilofaa. Aibu ni ya aliyekwisha kulitenda. Anayetetemeka hakutenda kitu. Twasema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi humlaumu mfichaji. Mimi nauliza: anamficha nani, kama si sisi tunaotazama?

Muhammad Ali alipatikana na maradhi yenye dalili hizi mwaka 1984. Mwaka 1996, mjini Atlanta, aliuwasha mwenge wa Olimpiki mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyemwona mdogo.

La kufanya

Mgonjwa akiweza, na aseme mwenyewe mapema: "Nina Parkinson, mkono hutetemeka." Maneno hayo hukata minong'ono.

Sisi wengine: mtilie kahawa nusu kikombe bila kumtangaza. Mpe kijiko na sahani yake, na mwingine pale siniani naye achukue kijiko. Usimmalizie maneno, ngojea. Miguu ikiganda, usimvute. Mwambie ahesabu moja, mbili, kisha apige hatua. Msikitini mwekee kiti, kwani mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi.

Na ukiona dalili hizi kwa mzee wako, mpeleke hospitali umuulize daktari kuhusu Parkinson kwa jina. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache Kenya, na wengi wako Nairobi, kwa hivyo safari huweza kuwa ndefu. Bora ianze leo, naye akingali na nafasi yake barazani.