Stempu zilizozikwa Morogoro

Wadau, waulizeni wajomba zenu. Bahasha ya ndege, ile yenye michirizi myekundu na ya buluu pembeni, ikifika kutoka ughaibuni, wakubwa waligombea habari na watoto wakagombea stempu. Kipande cha bahasha kinalowekwa kwenye bakuli la maji, stempu inabanduka yenyewe, inaanikwa juu ya gazeti. Zilizotafutwa zaidi ni zile za kumbukumbu: Olimpiki, uhuru wa nchi, sura ya mfalme mpya. Sisi wenyewe tulitoa za kwetu, kwa mfano zile za Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, zilizobeba kwa pamoja majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote kwenye mchezo huu kiko hapa hapa mji kasoro bahari, na sikukisikia shuleni hata siku moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani yetu. Ujerumani haikuweza kuleta kitu kirahisi, kuanzia dawa na risasi mpaka stempu. Wakoloni wakaanza kujichapia na kujifulia. Kule Tabora, mwaka 1916, zilifuliwa sarafu za dhahabu za rupia 15. Stempu zikachapwa Vuga, Usambara, kwenye mtambo wa misheni uliozoea kuchapa vitabu vya dini. Hazikuwa na picha, maandishi na mapambo tu. Kulikuwa na za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. (Hiyo heller ndiyo mama wa "hela" tunayoililia kila mwisho wa mwezi!)

Kabla hazijaanza kutumika, Machi 1916 meli iitwayo Marie ikapenya na kutia nanga Sudi, karibu na Lindi. Ilibeba silaha, dawa na stempu halisi kutoka Ujerumani. Shehena ile ilisafiri kwa vichwa vya wapagazi. Wakusanyaji wa Ulaya wanaijua rangi ya kila stempu ya enzi ile, na bei yake pia. Waafrika walioubeba mzigo huo kwa miguu hawamo kwenye katalogi yoyote, na hapo ndipo mimi ninapokereka.

Zile za Vuga zikawa hazina kazi. Waingereza walipokaribia Morogoro, Wajerumani hawakutaka ziangukie mikononi mwao, wakazifukia kwenye shamba karibu na mji. Tarehe 26 Agosti 1916 mji ukatekwa, na jeshi la Lettow-Vorbeck likazunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki.

Miaka mitano zikakaa ardhini. Ukiijua mvua ya masika inavyoshuka kutoka Uluguru, huhitaji kuambiwa karatasi ilivyokuwa. Mwaka 1921, kwa ruhusa ya Waingereza, zikafukuliwa. Nyingi zilikuwa zimeoza. Zilizosalimika zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa kwa wakusanyaji. Stempu ambayo haikutolewa kwa matumizi ya posta ikawa mali ya thamani kwa sababu tu ilizikwa kwetu.

Huku kwetu posta iliendelea na stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa herufi G.E.A. juu yake. Mwaka 1922 zikaja mpya zenye jina Tanganyika na kichwa cha twiga.