Fundi Cherehani na Shahada ya Udaktari



Wapendwa waamini, tusikiapo kwamba mtu amehitimu udaktari katika teolojia, mara nyingi twadhani jambo hilo lawahusu mapadre na maprofesa peke yao. Juma hili tuitazame shahada moja ambayo mizizi yake ilipandwa na mlei, tena fundi cherehani.

Mwaka 1940, Poland ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Jan Tyranowski, mshona nguo wa mjini Kraków, aliwakusanya vijana wa parokia yake katika vikundi vya Rozari Hai. Miongoni mwao alikuwamo Karol Wojtyła, aliyetimiza miaka 20 mwaka huo. Fundi huyo ndiye aliyemfikisha kwenye maandishi ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mkarmeli Mhispania aliyefariki mwaka 1591. Karol alifanya kazi katika machimbo ya mawe, kisha katika kiwanda cha kemikali cha Solvay. Na mwaka 1942 alianza masomo ya upadre kwa siri.

Alipadrishwa tarehe 1 Novemba 1946, na mwezi huohuo Kardinali Adam Sapieha akamtuma Roma, katika chuo cha Angelicum cha Wadominiko. Akiongozwa na Padre Réginald Garrigou-Lagrange, aliandika tasnifu juu ya imani katika mafundisho ya Yohane wa Msalaba, akimsoma mtakatifu huyo kwa Kihispania. Alieleza kwamba imani ndiyo njia ya kumwunganisha mwanadamu na Mungu, na kwamba akili haiwezi kumshika Mungu kama ishikavyo vitu vingine. Fundi Tyranowski hakuiona kazi hiyo ikikamilika. Alifariki Machi 1947.

Juni 1948 Padre Karol aliitetea tasnifu yake, akapata alama za juu. Hata hivyo, kanuni ilidai ichapishwe kwanza ndipo shahada itolewe, naye hakuwa na fedha za kuichapisha. Akarudi kwao bila shahada. Julai akatumwa kuwa paroko msaidizi katika kijiji cha Niegowić, akawafundisha watoto dini na kuwatembelea waamini majumbani mwao. Ndipo Desemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Jagiellonian cha Kraków kilipomtunuku udaktari kwa tasnifu ileile. Mwaka 1978 akachaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo II.

Wapendwa, wanakijiji wa Niegowić hawakungoja cheti ndipo walishwe Neno la Mungu. Wala Tyranowski hakungoja cheti ndipo awafundishe vijana kusali. Katika jumuiya zetu ndogondogo wamo wazee na akina mama wenye miaka mingi ya sala, lakini hunyamaza kwa kudhani kwamba hawakusoma. Wapo pia wazazi wanaomwachia katekista peke yake malezi ya imani ya watoto wao. Tukiendelea hivyo, vijana wetu watapata elimu ya kila namna, ila watakosa wa kuwaonyesha jinsi ya kupiga magoti.

Basi juma hili kila mmoja wetu amtafute kijana mmoja, asali pamoja naye. Nanyi wenye shahada, wakumbukeni kwa shukrani waliowafundisha ishara ya msalaba.

Mungu awabariki nyote.