Vazi la Asili la Wanorwei na Urithi wa Ukoo

Tarehe 17 Mei ya kila mwaka kazi nyingi husimama nchini Norwei. Watoto wa shule huandamana wakipeperusha bendera, bendi hupigwa, na katika sharika nyingi ibada hufanyika siku hiyo pamoja na maandamano. Ni kumbukumbu ya Katiba iliyotiwa sahihi mahali paitwapo Eidsvoll mwaka 1814. Mgeni anayeishuhudia siku hiyo kwa mara ya kwanza hushangazwa na mavazi kuliko hotuba. Akina mama na mabinti huvaa sketi ndefu za sufu, vizibao vilivyotariziwa, aproni na vishikizo vya madini ya fedha vinavyometameta kifuani. Wanaume nao huvaa suruali zinazoishia chini ya magoti, soksi ndefu na vizibao vyenye safu za vifungo vya fedha. Vazi hilo huitwa bunadi, neno lililotokana na lugha ya kale ya huko kaskazini, lenye maana ya mavazi na vifaa.

Wakristo wa Tanzania, hasa wale wa Mbulu, wamewafahamu Wanorwei tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Misioni ya Kilutheri ya Norwei ilipofungiwa mlango wa China ikaelekeza nguvu zake Tanganyika. Hospitali ya Haydom ikafunguliwa mwaka 1955. Watu hao walijulikana kwa kuhubiri Injili, kutibu wagonjwa na kujenga shule. Kilichojulikana kidogo ni kwamba wao wenyewe walitoka katika nchi ambayo swali la mavazi ya wazee lilikuwa limewasumbua waamini kwa vizazi kadhaa: je, aliyeamshwa na Neno la Mungu aendelee kuvaa mapambo ya mababu, au ayaache? Swali hilo si geni kwa sharika za Afrika. Kwa sababu hiyo historia ya bunadi inastahili kusimuliwa, maana Kanisa limehusika nayo katika kuyafungia mavazi hayo makashani na pia katika kuyapatia siku ya kuvaliwa.

Norwei ni nchi ya milima mirefu na mikono ya bahari iliyoingia mbali ndani ya nchi kavu. Kabla ya barabara na reli, bonde moja liliweza kuishi karibu kama nchi ya peke yake. Watu walifuga kondoo, wakasokota sufu, wakalima kitani na kufuma nguo zao wenyewe, nao waliweza kumtambua mtu wa bonde la pili kwa kumtazama tu. Kule Hardanger mke wa mtu alifunika kichwa kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mikunjo mingi myembamba, ambacho msichana hakuruhusiwa kukivaa. Kule Telemark na Hallingdal wanawake walikuwa hodari wa kutarizi maua kwa nyuzi za sufu za rangi nyingi. Zipo wilaya ambazo mtu aliyefiwa alionekana kwa rangi ya mavazi yake kabla hajasema neno. Kwa hiyo vazi lilisomwa kama barua: lilitaja kwao mtu, hali yake ya ndoa, na mara nyingi uwezo wa nyumba yake.

Vishikizo vya fedha vilikuwa na habari yao ya pekee. Watu wa zamani waliamini kwamba viumbe wanaokaa chini ya ardhi wangeweza kumwiba mtoto mchanga ambaye bado hajabatizwa na kuacha wa kwao mahali pake. Basi mtoto alibandikwa kishikizo cha fedha kwenye nguo zake, kimlinde mpaka afikishwe kwenye maji ya Ubatizo. Kwa mafundisho ya Kanisa huo ulikuwa ushirikina. Hata hivyo vishikizo vya namna hiyo vilirithiwa na mabinti na wajukuu, na leo huvaliwa mbele ya madhabahu bila hofu yoyote ya viumbe wa chini ya ardhi.

Jambo lililoliunganisha vazi na Kanisa kwa nguvu zaidi ni kipaimara. Wakati huo Norwei ilitawaliwa na mfalme wa Denmaki, na tarehe 13 Januari 1736 Mfalme Christian wa Sita alitoa amri kwamba vijana wote wafundishwe na kupata kipaimara. Asiyekuwa nacho hakuruhusiwa kufunga ndoa. Mwaka 1737 mchungaji Erik Pontoppidan alitoa kitabu chake cha maelezo ya Katekisimu, na mwaka 1739 ikafuata sheria ya shule ili watoto wa wakulima wajue kusoma. Kutokana na hayo siku ya kipaimara ikawa mlango wa kuingia utu uzima, na kijana aliyesimama kanisani siku hiyo alitarajiwa kuvaa kama mtu mzima. Wazazi wa Kitanzania wanaohangaika kutafuta gauni jeupe na suti ya mtoto wa kipaimara wataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa zaidi.

Kisha ukaja uamsho. Mwaka 1796 kijana mkulima aitwaye Hans Nielsen Hauge, alipokuwa shambani akilima, alijazwa furaha ya wokovu, akaanza kuizunguka nchi kwa miguu akihubiri. Husimuliwa kwamba alifuma soksi na glavu njiani ili asiipoteze hata saa moja. Sheria ya mwaka 1741 ilikataza mikutano ya dini isiyosimamiwa na mchungaji, naye akakamatwa mwaka 1804. Kesi yake haikumalizika mpaka mwaka 1814, afya yake ikiwa imeharibika. Waliomfuata walijulikana kwa bidii ya kazi, uaminifu katika biashara na mavazi ya kawaida yasiyo na mapambo. Katika wilaya nyingi zilizoguswa na uamsho huo na nyamsho zilizofuata, fidla ilihesabiwa kuwa chombo cha dhambi, nyekundu na kijani zikaachiwa nyeusi, na fedha ya bibi ikafungiwa kashani.

Si haki kuwalaumu waamini hao kwa wepesi. Vazi la sikukuu lilikwenda pamoja na ngoma, pombe na majivuno ya wenye mashamba makubwa, na mtumishi wa kike asiye na kishikizo hata kimoja alijua mahali pake kanisani. Kuvua mapambo kulikuwa pia namna ya kusema kwamba mbele za Mungu tajiri na maskini ni sawa. Tena mikono ile haikuacha kushona. Kule Lyngdal, yapata mwaka 1840, Gustava Kielland, mke wa mchungaji, aliwakusanya wanawake wasokote, wafume na kushona kwa ajili ya misioni. Mwaka 1842 Chama cha Misioni cha Norwei kikaundwa mjini Stavanger, na vikundi vya akina mama vya mfano huo vikaongezeka hadi kufikia maelfu. Soksi na vitambaa vyao viliuzwa, na fedha zilizopatikana ziliwapeleka watumishi kwa Wazulu na Madagaska. Ufundi uliokuwa wa kupamba sikukuu ukawa wa kulipeleka Neno, na kwa njia hiyo haukupotea.

Karne ya 19 ilipokaribia mwisho, viwanda vilileta vitambaa vya bei nafuu, na mavazi ya mijini yakapanda mpaka mabondeni. Zaidi ya watu 800,000 waliihama nchi kwenda Amerika katika miaka mia moja iliyoanza mwaka 1825. Wengi walibeba makasha ya mbao yaliyopakwa maua, na ndani yake vipande vya mavazi ya kwao. Makasha ya namna hiyo huonekana hadi leo katika makumbusho ya Vesterheim huko Decorah, jimbo la Iowa, mji ambao Walutheri wa asili ya Norwei walijenga chuo walichokiita kwa jina la Luther.

Aliyeanzisha kurudi kwa vazi hilo ni mwandishi Hulda Garborg, aliyezaliwa mwaka 1862. Mwaka 1903 alitoa kijitabu kilichowafundisha wanawake kushona mavazi kwa mfano wa zamani. Norwei ilikuwa katika muungano na Uswidi, na watu walitamani kuonyesha kwamba wao ni taifa kamili. Muungano ulivunjika mwaka 1905. Vazi la Hardanger, ambalo wachoraji walikuwa wamelitukuza, lilikuwa limeshaanza kuvaliwa kama vazi la taifa zima. Garborg alipenda kila wilaya iwe na lake, nalo liwe jepesi, lenye kushoneka na kuvalika. Baada yake Klara Semb, mwalimu wa ngoma za asili, alisisitiza kwamba ni lazima kufuata kwa uaminifu nguo za kale zenyewe, kipande kwa kipande.

Zipo wilaya ambazo hazikuwa na vazi kamili lililobaki. Bunadi ya Nordland ilitungwa mwaka 1928 kwa kuongozwa na kitambaa cha zamani kutoka Vefsn. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba bunadi ni uzushi wa watu wa mijini. Maneno hayo yamezidi kiasi. Mtu aliyerithi nyumba iliyobomoka nusu akaijenga upya juu ya msingi uleule hajamdanganya mtu yeyote, mradi aseme ni mawe yapi ya zamani na yapi ni yake. Kazi hiyo ya kusema imekabidhiwa taasisi maalumu yenye makao yake Fagernes, katika bonde la Valdres, iliyotokana na kamati ya serikali ya mwaka 1947. Huko nguo za kale hupimwa, hupigwa picha na kuandikwa. Leo zinahesabiwa aina zaidi ya 400.

Pamoja na taasisi zote, bunadi huishi katika familia. Msichana wa Norwei kwa kawaida huipata anapofikia kipaimara, akiwa na miaka kama 15. Ikiwa ni mpya, pamoja na fedha yake, gharama inaweza kuzidi krone 50,000, ndiyo maana mara nyingi bibi hutarizi majira ya baridi kadhaa kabla ya siku hiyo. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Hana, aliyemshonea Samweli joho na kumpelekea kila mwaka alipopanda kutoa dhabihu. Linaloleta mabishano ni kuchagua vazi la wapi. Baba ametoka Voss, mama Nordland, na mtoto amezaliwa Oslo: avae la nani? Wengine hufuata alikozaliwa bibi mzaa mama, hata kama wao hawajawahi kuishi huko. Wapo pia wanaomsahihisha hadharani mtu aliyevaa viatu au kishikizo kisichostahili, na Wanorwei wenyewe huwaita kwa utani polisi wa bunadi.

Mwaka 2019 wanawake wa Kristiansund walivaa bunadi kupinga kufungwa kwa wodi yao ya uzazi, na kundi hilo likajulikana nchi nzima. Walichagua vizuri, kwa kuwa ni vigumu kumfukuza mlangoni mtu aliyevaa heshima ya bibi yako.

Historia hii isingekuwa ya kweli kama ingewaacha Wasami, watu wa asili wa kaskazini. Vazi lao, gakti, si bunadi, nao hawapendi likiitwa hivyo. Nalo hutaja wilaya na ukoo. Kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1960 serikali iliwalazimisha wawe Wanorwei kwa lugha na desturi, na shule na Kanisa vilitumika katika kazi hiyo. Zamani wanawake wa Kisami walivaa kofia yenye pembe ya mti iliyoinuka nyuma ya kichwa. Iliachwa karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, na masimulizi ya Wasami yanasema kwamba wahubiri walifundisha kuwa shetani anakaa ndani ya pembe hiyo, kofia zikachomwa moto. Zilizosalia ni chache, nazo zimo katika makumbusho. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Norwei ulikiri sehemu ya Kanisa katika dhuluma hiyo. Tume ya ukweli na upatanisho ilitoa taarifa yake tarehe 1 Juni 2023, na Bunge likaomba radhi mwezi Novemba 2024. Wanawake wa Kisami wameanza kuishona tena kofia ile, kwa kupima zile za makumbusho.

Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa bunadi na desturi ya kuivaa katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Kwa wakati huohuo yapo malumbano kuhusu tarizi zinazofanywa Asia kwa ujira mdogo, kwani mafundi wa mabondeni ni wachache na foleni ya wateja ni ndefu. Wapo wanaoona kwamba vazi lililotariziwa mbali limepoteza nusu yake, na wapo wanaosema kwamba bila msaada huo binti wa mfanyakazi wa kawaida asingevaa kabisa. Swali la wakati wa Hauge, la nani anayeweza na nani asiyeweza, limerudi kwa njia nyingine.

Fundi mzuri hukata kitambaa cha kizibao kwa kuacha ziada ya kutosha ndani ya mishono, kwa sababu anajua kwamba msichana wa miaka 15 atanenepa, atazaa, na baadaye atampa mwingine. Miaka mingi ikipita, mwingine hufumua mshono huo ili vazi limtoshe mjukuu, na ndani yake hukuta ukanda mwembamba wa sufu ambao haujawahi kupigwa na jua, ukiwa na wekundu uleule wa siku liliposhonwa.