Krimu na dawa zisizothibitishwa: nani anawajibika, na ulalamike wapi?

Kwenye masoko ya makazi ya wakimbizi nchini Uganda na kwenye makundi ya WhatsApp utasikia ahadi nyingi: krimu ya kung'arisha ngozi kwa wiki moja, vidonge vya kupunguza tumbo, dawa moja inayotibu kisukari, presha na utasa. Ushuhuda wa mteja au umaarufu wa mtangazaji si kibali. Anayetangaza naye anaweza kuwajibishwa, si muuzaji peke yake.

Hatari ni ipi?

Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu. Inaweza kumdhuru hata mtoto anayeguswa na mikono au taulo yenye krimu. UNBS, shirika la viwango la Uganda, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni. Kwenye kopo, tafuta maneno mercury, calomel au hydroquinone. Krimu isiyo na lebo usiipake.

Nani anasimamia?

- NDA: dawa zote, za mitishamba pia. Tangazo la dawa linahitaji idhini yake.
- UNBS: ubora wa vipodozi.
- UCC: matangazo ya redio na televisheni.

Ukidhurika, ufanye nini?

1. Acha kutumia. Nenda kituo cha afya na kopo lako, na useme kama una mimba au unanyonyesha.
2. Tunza ushahidi: kopo, risiti, ujumbe wa malipo ya simu, na picha ya tangazo kabla halijafutwa. Andika tarehe.
3. Ripoti kwa NDA, UNBS au polisi. Kuripoti polisi ni bure.
4. Usimtukane mtu mtandaoni. Peleka ushahidi kwa wahusika.

Je, mkimbizi anaweza kushtaki?

Ndiyo. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakupa haki ya kufika mahakamani. Kama lugha ni shida, omba mkalimani au zungumza na kamati ya wakimbizi ya eneo lako, RWC.

Na kama wewe ndiye unayelipwa kutangaza?

Kabla ya kupokea pesa, mwombe mwenye bidhaa akuonyeshe usajili wake. Asipokuonyesha, usitangaze. Watu watanunua kwa sababu wanakuamini wewe.