Taarifa ya Mwisho wa Mwaka katika Shule za Ujiji

Taarifa ambayo mwalimu mkuu wa shule ya msingi huwatolea wazazi mwishoni mwa mwaka ina sura mbili, na Ujiji haina tofauti na kwingineko Tanzania. Ya kwanza ni karatasi ya kila mtoto: alama za masomo, nafasi darasani, tabia na mwenendo, maoni ya mwalimu wa darasa, maoni ya mwalimu mkuu na tarehe ya kufungua shule Januari. Ya pili ni taarifa ya shule nzima, ambayo husomwa kwenye kikao cha wazazi au kwenye mahafali ya darasa la saba. Humo hutajwa idadi ya wanafunzi na walimu, matokeo ya mtihani, madawati, matundu ya vyoo, fedha zilizoingia na zilivyotumika. Sura hizi mbili hazikuzaliwa pamoja. Zimetokana na vipindi ambavyo mwalimu aliwajibika kwa watu tofauti, na kwa muda mrefu mzazi hakuwa miongoni mwao.

Shule ya kwanza ya Ujiji ni chuo cha Kurani. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wakija ufukweni kwa misafara ya msimu. Baadaye mji ukajaa Wajiji, Wamanyema, Wabwari na Waholoholo waliokutana katika Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903, ameeleza chuo cha pwani na haki aliyopewa mwalimu mtoto alipohitimu. Elimu ya namna hiyo ilifuata njia ya misafara hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwalimu wa chuo hakuandika ripoti. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa taarifa: alisoma mbele ya wazazi na majirani, na kila mwenye masikio alijua kama mwalimu amefanya kazi yake. Baba aliyeridhika alilipa. Aliyekuwa na shaka aliuliza hapo hapo. Huo ulikuwa uwajibikaji wa ana kwa ana, ambao shule za baadaye zilichukua zaidi ya karne moja kuukaribia.

Wamisionari walipita Ujiji mapema, lakini hawakuweka mizizi. Wale wa London Missionary Society walifika mwaka 1878, na Mapadri Weupe mwaka 1879. Wote walihamishia kazi yao sehemu nyingine za ziwa, na mji ukabaki na vyuo vyake.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Wajerumani, waliojenga kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Shule zao za serikali, zilizoanzia Tanga mwaka 1892, zilifundisha kwa Kiswahili na zilikusudiwa kutoa makarani, maakida, wakalimani na walimu. Kufikia mwaka 1914 zilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000 tu katika koloni zima. Taarifa za shule hizo zilipanda ngazi kwenda bomani na kutoka bomani kwenda Dar es Salaam. Mwanafunzi alihesabiwa kama mtumishi mtarajiwa, na baba yake hakuwa na nafasi kwenye hesabu hiyo. Jambo jingine lilizidi kumtenga mzazi. Wazee wengi wa miji ya Waislamu walijua kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, lakini serikali ilichagua herufi za Kilatini. Mzee aliyekuwa akiandika barua zake za biashara akajikuta hawezi kusoma daftari la mjukuu wake. Hasara hiyo haionekani katika takwimu yoyote ya elimu, lakini ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wazazi wengi kuiona shule kuwa mali ya boma.

Wabelgiji waliuteka ukanda huu mwaka 1916 na kuushikilia hadi 1921. Waingereza walioupokea walikuwa wameunda Idara ya Elimu mwaka 1920, na sheria ya mwaka 1927 iliweka msingi wa shule kusajiliwa, kukaguliwa na kupewa ruzuku. Rejesta ya mahudhurio, mihula, mitihani ya kufunga muhula na kupanga wanafunzi kwa nafasi viliota mizizi katika miaka hiyo. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa chujio kali, kwa kuwa shule za kati zilikuwa chache. Karatasi ya mtoto ilichukua sura yake katika mazingira hayo. Ndiyo maana hadi leo humweleza mzazi mwanawe amekuwa wa ngapi kabla ya kumweleza anajua nini.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamuru kila mtoto wa umri wa shule awe darasani kufikia mwaka 1977. Azimio hilo lilitaka pia kazi na mwenendo wa mwanafunzi vipimwe pamoja na mtihani. Wanafunzi nchini waliongezeka kutoka takribani milioni 1.2 mwaka 1974 hadi takribani milioni 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi wakifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba, walioitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wakati huo huo madarasa ya watu wazima yaliwafundisha kusoma mama na baba wa watoto hao. Kampeni hiyo inastahili kukumbukwa katika historia ya taarifa ya shule, kwa sababu karatasi iliyoandikwa haina maana mikononi mwa mzazi asiyejua kusoma.

Hata hivyo fedha ndizo zilizomgeuza mwalimu mkuu amtazame mzazi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada, iliyokuwa imerudishwa, kufutwa tena, ulipeleka ruzuku shuleni. Kamati za shule, zenye wazazi waliochaguliwa, zilipewa kazi ya kupanga na kusimamia matumizi, na shule zilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Mwalimu mkuu akawa mtu wa saruji, mabati na stakabadhi, na kikao cha wazazi kikawa mahali pa kuuliza fedha ziko wapi. Swali hilo ni la haki, na mwalimu mkuu mwenye vitabu safi halikimbii.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Wazazi wengi walidhani wameondolewa jukumu lote, hata Waraka Na. 3 wa 2016 ukalazimika kufafanua kwamba sare, madaftari na chakula vingali juu yao. Tangu hapo taarifa ya mwisho wa mwaka imebeba mzigo mpya wa kueleza kinacholipwa na serikali na kinachobaki kwa familia.

Mpangilio wa sasa unafuata kalenda ya Baraza la Mitihani. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, na shule hufungwa Desemba. Tangu matokeo ya mwaka 2022 Baraza limeacha kutangaza shule na wanafunzi bora, lakini nafasi darasani bado imo kwenye karatasi nyingi. Katika darasa la watoto 120, kuwa wa 40 au wa 60 hakumwambii mzazi kama mtoto anasoma kwa ufasaha. Sentensi mbili za mwalimu wa darasa humsaidia zaidi.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza la mtaala huo yatamaliza pamoja, na taarifa ya mwaka huo italazimika kuwaeleza wazazi matokeo ya makundi mawili ya wahitimu waliosoma kwa mitaala tofauti.